Injini Kubwa kwa Mfuko Mdogo: Hesabu, Vipimo na Lugha ya Ufundi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa miongoni mwa waundaji wa vyombo vya baharini, lakini inaihusu injini ya gari vilevile. Gari linapopanda mlima pasi na kuguna, mtazamaji husikia ngurumo tu. Hesabu zilizoitangulia ngurumo hiyo hazioni. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba injini kubwa yenye nguvu ni mali ya mwenye fedha nyingi pekee. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Nchini Marekani, kwa miongo kadhaa, mafundi wa gereji ndogo wameunda injini kubwa kutokana na vipuri vilivyookotwa kwenye maegesho ya magari mabovu, na injini hizo zimefanya kazi kwa miaka.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Mfano mkuu ni injini ya Chevrolet ijulikanayo kwa nambari 383. Imechaguliwa kwa sababu hesabu zake zi wazi na kila hatua yake inaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Hoja kuu ni kwamba unafuu wa kweli hautokani na kununua vipuri vya bei ya chini, bali hutokana na kujua kipimo cha kila kipande. Mwishoni makala yatatazama mzigo ambao maelezo ya aina hii huutwika msamiati wa Kiswahili.

Ukubwa wa Injini ni Nini?

Ukubwa wa injini ni ujazo, yaani nafasi ambayo pistoni zote huipitia zinaposafiri kutoka chini hadi juu ya silinda. Ujazo huu hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu: eneo la duara la silinda, urefu wa mpigo wa pistoni, na idadi ya silinda. Injini yenye ujazo mkubwa huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Penye hewa nyingi huweza kuchomwa petroli nyingi, na nguvu hutokana na uchomaji huo.

Kwa hiyo, maadamu idadi ya silinda haibadiliki, njia za kuikuza injini ni mbili: kupanua silinda au kurefusha mpigo. Njia ya kwanza inajulikana sana nchini Kenya, ingawa hutumiwa kwa sababu nyingine. Silinda zinapolika, fundi huzichonga upya na kutia pistoni pana kidogo. Chukua mfano wa Toyota 5A-FE, injini iliyotumiwa katika baadhi ya magari ya Corolla ya miaka ya 1990. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 78.7, mpigo ni milimita 77, na ujazo wa silinda zote nne ni sentimita za ujazo 1,498. Fundi akiichonga na kuongeza kipenyo kwa nusu milimita, ujazo huwa 1,517. Nyongeza ni sentimita 19 tu, ambayo ni asilimia 1.3. Hakuna dereva atakayeihisi. Uchongaji huo huiokoa injini, lakini hauikuzi.

Kwa nini basi silinda isipanuliwe zaidi? Sababu ni kwamba ukuta wa silinda una unene maalumu, na nyuma yake yanapita maji ya kupooza. Ukuta ukichongwa kupita kiasi huwa mwembamba, hupinda kwa joto na hata kupasuka. Njia inayosalia ni kurefusha mpigo, na mpigo huamuliwa na krankishafti. Umbali kutoka katikati ya krankishafti hadi katikati ya mkono unaoshika konrodi ni nusu ya mpigo. Anayetaka mpigo mrefu sharti atafute krankishafti nyingine, na hapo ndipo gharama huanza kutisha. Kutengenezewa krankishafti mpya peke yako ni ghali mno. Ujanja wa mafundi wa Marekani ulikuwa kuipata krankishafti ndefu ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuitengeneza kwa ajili ya gari jingine.

Ukoo wa Injini Moja

Mwaka wa 1955 Chevrolet ilizindua injini ndogo ya V8 yenye ujazo wa inchi 265, yaani takriban lita 4.3. Injini hiyo ilizaa ukoo mzima. Mwaka wa 1967 ikaja ya inchi 350 (lita 5.7), na mwaka wa 1970 ikafuata ya inchi 400 (lita 6.6). Katika ukoo huo wote umbali kati ya katikati ya silinda moja na nyingine ulibaki uleule, inchi 4.4 au milimita 111.8. Kwa kuwa umbo la msingi ni moja, vipuri vingi vya ndugu mmoja huweza kuingia kwa mwingine, vingine vilivyo na vingine kwa kuchongwa kidogo.

Injini ya 350 ilitengenezwa kwa wingi kwa miaka mingi, ikajaa kila palipotupwa magari. Ile ya 400, iliyotoka kiwandani hadi mwaka wa 1980, haikupendwa kiasi hicho. Silinda zake zilikuwa pana, milimita 104.8, hivi kwamba kuta za silinda jirani ziliunganishwa na maji hayakuweza kupita baina yake. Ikapata sifa ya kuchemka. Lakini krankishafti yake ilikuwa na mpigo wa milimita 95.25, ilhali mpigo wa 350 ni milimita 88.4. Mafundi wakawaza: itakuwaje krankishafti ya 400 ikiingizwa katika bloki ya 350?

Jibu ni hili. Bloki ya 350 ina silinda za kipenyo cha milimita 101.6 na ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 5,733. Maadamu bloki kuukuu lazima ichongwe, huchongwa kwa nyongeza ya kawaida ya milimita 0.76. Uchongaji huo peke yake huleta ujazo wa 5,819, nyongeza ya 86 tu. Krankishafti ya 400 ikiingizwa, ujazo huruka hadi takriban 6,271, nyongeza nyingine ya 452. Kwa inchi, ujazo huo ni 383, na ndiyo asili ya jina. Kati ya kila sehemu sita za nyongeza, karibu tano zimetokana na mpigo na moja tu imetokana na upana.

Vipande Vinavyokataa Kuingiliana

Krankishafti ya 400 haiingii katika bloki ya 350 jinsi ilivyo. Sehemu zake zinazokaa ndani ya beringi kuu zina kipenyo cha milimita 67.3, ilhali nafasi ya beringi katika bloki ya 350 inahitaji milimita 62.2. Kwa hiyo krankishafti hupelekwa kwa fundi wa mashine akaikereze hadi ifikie kipimo hicho. Sehemu zinazoshika konrodi zina kipenyo kimoja katika injini zote mbili, na haziguswi ila zikiwa zimelika.

Kizuizi cha pili ni urefu. Kutoka katikati ya krankishafti hadi uso wa juu wa bloki ni milimita 229.2. Ndani ya umbali huo lazima vitoshee vitu vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: nusu ya mpigo, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka kwenye pini yake hadi utosini. Katika injini ya 350 hesabu ni 44.2, 144.8 na 39.6, jumla 228.6. Pistoni husimama chini kidogo tu ya uso wa bloki, kama inavyotakikana. Sasa badilisha krankishafti pekee. Nusu ya mpigo huwa 47.6, na jumla hupanda hadi 232.0. Pistoni itachomoza milimita 2.8 juu ya bloki na kugonga silinda hedi pindi injini inapozungushwa.

Mwenye fedha hununua pistoni maalumu ambazo pini yake imepandishwa juu. Asiye nazo hurudi kwenye injini ileile ya 400 iliyotoa krankishafti na kuzichukua konrodi zake pia, kwani ni fupi: milimita 141.4. Hesabu huwa 47.6, 141.4 na 39.6, jumla 228.6, sawasawa na ile ya awali. Pistoni za kawaida za 350, ambazo ni nyingi na za bei nafuu, hutoshea. Karatasi imemwokolea fundi bei ya seti nzima ya pistoni maalumu. Hata hivyo, unafuu huu una gharama yake. Konrodi fupi kwenye mpigo mrefu hulala kwa pembe kubwa zaidi na kuisukumia pistoni ubavuni mwa silinda, hivyo kuta hulika upesi. Kwa gari la matumizi ya kawaida gharama hiyo huvumilika. Kwa gari la mashindano linalozungushwa kwa kasi kubwa kila mara, ni hoja ya kufikiriwa upya.

Kizuizi cha tatu ni mgusano. Kwa kuwa mkono wa krankishafti umerefuka, vichwa vya boliti za konrodi hupita mahali ambapo havikuwa vikifika. Hukaribia ukingo wa chini wa bloki na pia kamshafti. Fundi hupanga kila kitu kwa muda, kisha huizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Miwili ni lazima, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti. Mzunguko mmoja huonyesha nusu tu ya mambo. Panapokosekana nafasi ya kiasi cha milimita 1.5, husagwa kidogo kwa uangalifu. Kazi hii haihitaji fedha, ila subira.

Kizuizi cha nne hakionekani kwa macho. Krankishafti ya 400 haikuwa na nafasi ya kutosha kubeba uzani wote wa kuisawazisha, kwa hiyo kiwanda kiliongeza uzani mwingine nje: kwenye puli nzito ya mbele na kwenye flaiwili. Anayechukua krankishafti hiyo lazima achukue puli na flaiwili zinazolingana nayo. Akifunga zile za 350 zitaingia bila taabu yoyote, na hapo ndipo penye hatari, kwani injini itatikisika. Mtikiso huo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikizidishwa maradufu, nguvu ya mtikiso huwa mara nne. Beringi hazistahimili jambo hilo kwa muda mrefu.

Mgandamizo na Pumzi

Ujazo unapoongezeka, mgandamizo huongezeka hata kama hakuna aliyekusudia. Tuseme pistoni inapofika juu kabisa hubaki nafasi ya sentimita za ujazo 96. Katika injini ya 350, silinda moja hupitia ujazo wa 717. Uwiano wa mgandamizo ni 8.5 kwa 1. Katika 383, silinda moja hupitia 784, na uwiano huwa 9.2 kwa 1. Hii ni nyongeza ya bure na yenye faida, kwani mgandamizo mkubwa hutoa kazi zaidi kwa petroli ileile.

Lakini faida hiyo ina mpaka. Miongoni mwa silinda hedi zilizopendwa na mafundi wenye mfuko mdogo ni zile za Vortec, zilizofungwa kwenye magari ya mizigo ya General Motors kuanzia mwaka wa 1996. Ni za chuma cha kawaida, lakini njia zake za hewa ni bora kuliko za zamani. Chumba chake cha uchomaji ni sentimita za ujazo 64, ilhali hedi nyingi za zamani zina 76. Tofauti hiyo ya 12 ikiondolewa kwenye 96 ya mfano wetu, hubaki 84, na uwiano hupanda hadi 10.3 kwa 1. Kwa petroli ya kawaida injini huweza kuanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake, na mgongo huo huvunja pistoni. Aidha, hedi hizo hazifungiki kwenye manifoldi ya zamani kwa kuwa mpangilio wa boliti ni tofauti. Aliyefurahia bei ya hedi hujikuta ananunua manifoldi pia. Funzo ni kwamba bei ya kipuri lazima ihesabiwe pamoja na bei ya vyote kinavyovidai.

Suala la pumzi nalo ni la msingi. Kwa kasi ya mizunguko 5,000 kwa dakika, silinda za 350 zikijaa kikamilifu huhitaji takriban lita 14,300 za hewa kila dakika. Za 383 huhitaji takriban 15,700. Kabureta, valvu na ekzosi zikibaki zilezile, injini hupata msukumo mkubwa katika kasi ya chini, kisha hukosa pumzi katika kasi ya juu. Kwa mwenye mfuko mdogo hili si jambo baya. Gari litaondoka kwa wepesi na kupanda mlima vyema, na injini haitalazimika kuzungushwa kwa kasi inayovunja vipuri vilivyotumika.

Panapokatwa na Pasipokatwa

Kutokana na maelezo haya, matumizi ya fedha hugawika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu vinavyoweza kununuliwa vikiwa vimetumika: bloki, krankishafti, konrodi, silinda hedi na kabureta. Hivi ni vyuma vinavyopimika. Bloki hukaguliwa nyufa na unene wa kuta, krankishafti hukaguliwa nyufa na unyoofu, na kisicho kizuri hukataliwa kabla ya kulipiwa.

Fungu la pili halina mjadala: beringi, ringi za pistoni, gasketi, boliti za konrodi, pampu ya oili, na ujira wa fundi wa mashine. Boliti ya konrodi ni kitu kidogo, lakini ikikatika, konrodi hutoboa bloki na injini yote huwa chuma chakavu. Nafasi ya oili kati ya beringi na krankishafti ni takriban milimita 0.06, ambayo hukaribia unene wa unywele. Mwanya wa ringi katika silinda ya ukubwa huu ni kama milimita 0.4, ukiwa mdogo zaidi, ringi hupanuka kwa joto, ncha zake hugusana na kukwaruza silinda. Vipimo hivi havikadiriwi kwa jicho.

Kuna pia kazi isiyogharimu ila sabuni, maji moto na brashi: kuosha bloki baada ya kuchongwa. Unga wa chuma uliobaki katika vijia vya oili hufika kwenye beringi mpya katika dakika za mwanzo. Hatimaye, gari lenyewe lina haki yake. Giaboksi, rejeta na breki zilizotosha injini ndogo huenda zisitoshe ile kubwa, na bajeti inayoishia kwenye injini si bajeti kamili.

Inafaa kuongeza kuwa soko limebadilika. Krankishafti za 400 zilipoanza kuadimika, watengenezaji walianza kuuza mpya zenye mpigo wa milimita 95.25 na vipimo vya beringi vya 350. Leo kununua mpya huweza kuwa nafuu kuliko kutafuta ya zamani na kuikereza. Njia imebadilika, lakini hesabu ya milimita 229.2 ni ileile.

Lugha ya Vipimo

Maelezo haya yamehitaji msamiati wa aina tatu. Aina ya kwanza ni majina ya vipande yaliyokopwa na kuzoeleka: silinda, pistoni, ringi, beringi, gasketi. Haya hayana tatizo, kwani fundi na mteja huelewana. Aina ya pili ni maneno ya Kiswahili ambayo tayari yalikuwa na kazi nyingine. Kitenzi kukereza ni cha mafundi wa mbao, waliozungusha na kuchonga miguu ya vitanda. Kinaifaa krankishafti bila kuongezwa chochote. Neno mpigo limo katika usemi injini ya mipigo miwili, na kutoka hapo urefu wa mpigo hueleweka wenyewe.

Aina ya tatu ndiyo yenye utata. Neno nguvu katika mazungumzo ya kila siku hubeba dhana ambazo fizikia huzitenga: msukumo wenyewe, ambao vitabu vya shule huuita kani, uwezo wa kani hiyo kuzungusha mhimili, na kiasi cha kazi inayofanywa kwa muda fulani. Injini ya 383 yenye hedi za zamani imeongezeka sana katika dhana ya pili na kidogo tu katika ya tatu. Mteja anayedai nguvu bila kufafanua anaweza kuuziwa kitu ambacho sicho alichokitaka, na fundi asiwe amemdanganya.

Hatari hiyo hujitokeza hata katika nambari. Fundi wa Marekani akisema thelathini, ana maana ya elfu za inchi, yaani milimita 0.76. Pistoni za injini za Kijapani huuzwa kwa nyongeza za milimita 0.50 au 0.75. Tofauti ya 0.76 na 0.75 ni mia moja ya milimita. Lakini pistoni yenyewe hukaa katika silinda kwa nafasi ya mia chache tu za milimita, na mia moja iliyopotea humaanisha pistoni inayokwama au inayobisha. Nambari isiyotajiwa kizio chake ni nusu ya habari.

Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa injini kubwa yaweza kuundwa kwa mfuko mdogo iwapo muundaji atatanguliza hesabu. Mpigo huleta ujazo kuliko upana. Konrodi fupi huokoa bei ya pistoni maalumu. Puli na flaiwili hufuata krankishafti yake. Na hedi yenye bei nzuri hudai manifoldi yake. Asiyejua mambo haya hulipa mara mbili, kwanza kwa kununua na pili kwa kuvunja.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza kazi hii hatua kwa hatua. Kinachohitajika ni kuyaafiki maneno machache na kuyatumia kwa namna moja. Maneno mengi ya aina hiyo yamo tayari vinywani mwa mafundi wa karakana za miji yetu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali: achukue daftari, aende karakana, na aandike kila neno pamoja na kipimo chake.